Laurence Olivier: Mwigizaji Aliyeitwa Vitani

Ndugu Mhariri ameniomba niandike wasifu wa mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Nadhani alitarajia nimlete kiongozi wa siasa au mpigania uhuru. Mimi nimemchagua mwigizaji, tena Mwingereza, na naomba wenzangu wanivumilie mpaka mwisho ndipo wanihukumu.

Sote tuliopita katika shule yetu tulikutana na Shakespeare. Wengine walikutana naye kwa Kiingereza katika vitabu vya fasihi, na wengine kwa Kiswahili katika tafsiri za Mwalimu Nyerere, ambaye aliifasiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Lakini ni lazima tukubali kwamba wengi wetu tulimsoma Shakespeare kwa ajili ya mtihani, tukiwa tumeketi, kalamu mkononi. Laurence Olivier alitumia maisha yake yote kumtoa Shakespeare kitabuni na kumsimamisha mbele za watu. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali yake ilimtoa jeshini ili akatengeneze filamu ya tamthilia ya Henry V, yaani habari za Mfalme Henry wa Tano.

Filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1944, ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Ndani yake mna swali linalotuhusu hasa sisi tunaolipwa mshahara na umma. Mtu akiitwa na nchi yake wakati wa shida, akaambiwa aseme na wananchi, je, aseme yote anayoyajua, au aseme yale tu yanayohitajika kwa siku hiyo?

Utoto na shule

Laurence Kerr Olivier alizaliwa tarehe 22 Mei, 1907, katika mji wa Dorking, kusini mwa London. Jina la ukoo wake ni la Kifaransa, kwa kuwa wazee wake wa zamani walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia Uingereza kwa sababu ya dini. Basi mtu aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kuwashinda Wafaransa katika filamu alikuwa mwenyewe mjukuu wa Wafaransa.

Baba yake, Gerard, alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, mtu mkali na mbanifu wa fedha kupita kiasi. Nyumbani hata maji ya kuoga yalikwenda kwa zamu: baba akitoka ndani ya beseni, wanawe huingia katika maji yale yale. Kimbilio la kijana lilikuwa mama yake, Agnes, lakini mama huyo alifariki mwaka 1920, Laurence akiwa na miaka 12 tu. Waliomfahamu walisema kwamba pigo hilo hakulisahau mpaka uzeeni.

Alisoma kwanza katika shule ndogo ya waimbaji wa kanisa la All Saints, mtaa wa Margaret, London. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Mwaka 1917, akiwa na miaka 10, alicheza sehemu ya Brutus katika Julius Caesar. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Ellen Terry, mwigizaji mkubwa kuliko wote wa kike katika Uingereza ya siku hizo, naye alikisifu kipaji cha mtoto yule. Hivyo, tamthilia ambayo Mwalimu aliichagua kuwa ya kwanza kuifasiri ndiyo pia iliyomfungulia mlango Olivier.

Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya St Edward's, Oxford, ambako hakupendwa sana na wenzake mpaka mwaka 1923 alipocheza sehemu ya Puck na kuwafanya wamtazame kwa jicho jingine. Kaka yake mkubwa alipokwenda India kutafuta maisha, Laurence alidhani naye atafuata njia hiyo. Baba yake, yule mkali na mbanifu, alimshangaza. Alimwambia kwamba yeye hatakwenda India, atakwenda jukwaani. Mwaka 1924 akaingia chuo cha uigizaji London chini ya mama mmoja hodari, Elsie Fogerty, akisaidiwa na udhamini wa masomo.

Wenzangu ambao sasa ni wazazi wangelitafakari jambo hili. Mara nyingi sisi huwasukuma watoto wetu kwenye udaktari na uhandisi. Huyu kasisi, ambaye hakuwa na fedha za kuchezea, alimtazama mwanawe, akaona alichonacho, akampeleka huko.

Njia ya kupanda

Miaka ya kwanza ilikuwa ya taabu ya kawaida ya vijana wa kazi hiyo. Mwaka 1926 alijiunga na kundi la Birmingham, akajifunza kazi kwa kucheza sehemu nyingi za kila aina. Mwaka 1930 alipata jina kidogo katika Private Lives, mchezo wa Noël Coward, na mwaka huohuo akamwoa Jill Esmond, mwigizaji mwenzake.

Mwaka 1935 ulikuja mtihani wake mkubwa. Yeye na John Gielgud walicheza Romeo and Juliet wakibadilishana sehemu mbili, mmoja akiwa Romeo na mwingine Mercutio, kisha wakapokezana. Gielgud alikuwa na sauti ya muziki na aliyasema mashairi kama anayeimba. Olivier aliyasema kama kijana aliyeshikwa na mapenzi kweli, mwenye damu na jasho. Wahakiki wengi walimlaumu kwamba anaharibu ushairi. Yeye hakurudi nyuma, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba watazamaji walikuwa wanaelekea kwake.

Mwaka 1937, katika ukumbi wa Old Vic, alicheza Henry V kwa mara ya kwanza. Mwanzoni hakumpenda mfalme huyo. Vijana wa wakati ule walikuwa wamechoshwa na hadithi za utukufu wa vita, maana baba zao walikuwa wameangamia kwa mamilioni katika vita ya 1914 hadi 1918. Rafiki yake Ralph Richardson ndiye aliyemshawishi aikubali sehemu hiyo na kuitafutia moyo ndani yake. Naomba msomaji aikumbuke hali hiyo ya kusita, kwa maana miaka sita baadaye kusita huko hakukuonekana tena.

Kisha ikaja Hollywood. Filamu ya Wuthering Heights ya mwaka 1939 na Rebecca ya mwaka 1940 zilimfanya ajulikane duniani kote. Katika miaka hiyo ndoa yake ya kwanza ilivunjika, naye akamwoa Vivien Leigh, nyota wa Gone with the Wind, Agosti 1940, huko California.

Rubani hafifu

Vita ilipoanza Septemba 1939, Olivier alikuwa Marekani. Hakukaa akistarehe. Alijifunza kuruka na ndege, akakusanya saa nyingi angani, na Januari 1941 yeye na mkewe wakarudi Uingereza, wakati ambapo mabomu ya Wajerumani yalikuwa yakiiangukia London. Alijiunga na kikosi cha ndege cha jeshi la majini, akapewa cheo cha afisa na kupangwa kituo cha Worthy Down, karibu na mji wa Winchester.

Hapa hadithi inakuwa tofauti na zile za mashujaa. Olivier hakuwa rubani mzuri. Aliharibu ndege kadhaa, nyingine zikiwa bado ziko chini, na sifa yake kambini ikawa ya kuchekwa. Hakupelekwa vitani. Kazi yake ilikuwa kuwarusha vijana waliokuwa wakijifunza kupiga bunduki angani. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kukusanya mamilioni ya watazamaji alikuwa akizunguka angani juu ya mashamba ya Hampshire, akisubiri mvua ipite.

Wazee wetu walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Serikali ya Uingereza nayo hatimaye iliuona ukweli huo. Wizara ya Habari ilikuwa na idara ya filamu, na idara hiyo ilijua kwamba watu waliochoka kwa miaka minne ya mabomu, giza na chakula cha mgao huhitaji kitu cha kuwainua roho. Mwaka 1942 Olivier alikuwa amekwisha kuyasoma maneno ya Henry V katika redio, na Dallas Bower, aliyekuwa na kipindi hicho, alikuwa na rasimu ya filamu. Mwenye kampuni aliyejitokeza kutafuta fedha alikuwa Filippo Del Giudice, mwanasheria wa Kiitaliano aliyekimbia utawala wa Mussolini. Mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani, Waingereza walimfunga Del Giudice kizuizini katika kisiwa cha Man kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Alipotoka hakununa. Alikwenda kutafuta fedha za filamu ya kuisifu Uingereza.

Olivier hakukusudia kuiongoza filamu mwenyewe. Alimwomba William Wyler, aliyemwongoza katika Wuthering Heights, lakini Wyler hakuweza. Wengine nao hawakupatikana. Basi jeshi likamwachia, naye akawa mwigizaji mkuu, mwongozaji na msimamizi wa utengenezaji kwa pamoja, na hajapata kuongoza filamu hata moja kabla ya hapo. Alitaka mkewe acheze Binti Katherine wa Ufaransa, lakini David O. Selznick, aliyekuwa na mkataba wake Marekani, alikataa. Sehemu hiyo ikaenda kwa Renée Asherson.

Agincourt katika Ireland

Ilikuwapo taabu ya mahali pa kupigia picha za vita. Mfalme Henry alipigana na Wafaransa Agincourt tarehe 25 Oktoba, 1415. Mwaka 1943 anga la Uingereza lilikuwa limejaa ndege, na wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini. Hakuna mtu angeamini vita ya mishale ikiwa juu yake inapita ndege ya mabomu. Kwa hiyo walivuka kwenda Ireland, nchi iliyokataa kuingia vitani, wakakodi uwanja wa Powerscourt, karibu na kijiji cha Enniskerry, katika wilaya ya Wicklow. Huko walipata mamia ya wanaume, wengi wao wa jeshi la mgambo la Ireland, na wakulima waliokuja na farasi wao, ambao waliongezewa malipo kwa ajili hiyo.

Fedha zilikuwa chache na chuma kilikuwa cha vita. Mavazi ya vita ya pete za chuma, yale ambayo askari wa zamani waliyavaa kujikinga, yalifumwa kwa kamba na kupakwa rangi ya fedha. Ukiitazama filamu leo huwezi kugundua. Reli ilitandikwa uwanjani ili kamera ikimbie sambamba na farasi. Mvua ya Ireland haikuwa na huruma. Siku nyingi watu wote na farasi wote walikaa wakilipwa bila picha hata moja kupigwa.

Olivier alikuwa kiongozi wa mstari wa mbele. Alipotaka mgambo waruke kutoka juu ya mti na kumwangukia askari wa farasi, aliona haya kuwaagiza wafanye asilolifanya yeye, akapanda na kuruka mwenyewe, akaumia mguu. Siku nyingine farasi alikuja mbio moja kwa moja akaigonga kamera wakati yeye amelitia jicho lake ndani yake. Mdomo wake ulipasuka, na kovu lake alibaki nalo maisha. Jambo la kwanza aliloliuliza ni kama kamera imevunjika. Kamera za filamu ya rangi zilikuwa adimu kuliko waigizaji.

Picha za ndani zilipigwa katika studio za Denham. Gharama zilipanda hata zikafikia karibu paundi 475,000, kiasi kilichoitisha sana kampuni ya Del Giudice. Lakini filamu ilipoonyeshwa London, Novemba 1944, watu waliona kitu ambacho hawajakiona. Inaanza katika ukumbi wa Globe wa mwaka 1600, waigizaji wakijipaka rangi nyuma ya pazia na watazamaji wakipiga kelele. Kisha kidogo kidogo kuta za ukumbi zinatoweka, tunaingia katika nchi iliyochorwa kama picha za vitabu vya zamani vya Ufaransa, na mwisho tunafika uwanja halisi wenye majani na jua. William Walton alitunga muziki unaoongeza kasi pamoja na mbio za farasi wa Ufaransa, kisha unakatika ghafla mishale inapoachiwa. Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nywele husimama.

Filamu iliwekwa wakfu kwa makomando na askari wa miavuli wa Uingereza, wale waliokuwa wametua Ufaransa miezi michache kabla. Mwaka 1946 ilionyeshwa Marekani, na mwaka 1947 Olivier akapewa Oscar ya heshima kwa kazi zake zote tatu katika filamu hiyo.

Yaliyoachwa nje

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Mwenye kuisoma tamthilia ya Shakespeare kisha akaitazama filamu atakuta kwamba karibu nusu ya maneno hayamo. Kupunguza ni lazima, maana filamu ina muda wake, na Olivier alisaidiwa kwa kazi hiyo na mhakiki Alan Dent. Lakini tazameni kilichopunguzwa.

Katika tamthilia, kabla ya kuvuka bahari, mfalme anagundua kwamba wakuu watatu wa Kiingereza wamenunuliwa na Ufaransa, naye anawapeleka wakauawe. Katika filamu hawapo. Katika tamthilia, mbele ya mji wa Harfleur, mfalme anawatishia wenyeji kwamba wasipojisalimisha askari wake watawafanyia wanawake, wazee na watoto mambo ya kutisha. Katika filamu vitisho hivyo hatuvisikii. Katika tamthilia, Bardolph, rafiki wa mfalme wa siku za ujana, ananyongwa kwa kuiba kanisani, na mfalme anaridhia. Hayamo. Katika tamthilia, mfalme anatoa amri mateka wa Kifaransa wauawe. Hayamo. Na maneno ya mwisho kabisa ya tamthilia, yanayomkumbusha msikilizaji kwamba mwana wa mfalme huyu alikuja kuipoteza Ufaransa yote iliyopiganiwa, nayo hayamo.

Sababu zinaeleweka. Mwaka 1943 nani angependa kuona Waingereza wenye vyeo wakiuza nchi? Nani angeonyesha mfalme wa Uingereza akiua mateka, wakati maelfu ya vijana wa Kiingereza walikuwa mateka mikononi mwa Wajerumani? Na nani angewaambia watu, siku wanapotoa damu yao, kwamba ushindi wao hautadumu?

Watu wengi wamemlaumu Olivier kwa hayo, wakisema aligeuza kazi ya sanaa kuwa tangazo la serikali. Mimi ni mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na sioni kwamba hukumu hiyo ni rahisi hivyo. Kila siku mezani kwetu zinapita taarifa. Ziko kurasa zinazokwenda juu na ziko zinazobaki jaladani. Anayeandika hotuba ya kuwatia moyo watu waliokumbwa na njaa haanzi kwa kuhesabu maghala matupu. Lakini mtumishi mwema anajua tofauti ya mambo mawili: kuacha ukurasa jaladani, na kuuchoma moto. Olivier hakuuchoma ukurasa wowote. Tamthilia ilibaki kitabuni, kamili, kwa yeyote atakayetaka kuisoma.

Tena kuna ukurasa mmoja aliouweka, ambao mtu mwoga angeuondoa. Usiku kabla ya vita, mfalme anajifunika joho na kutembea kati ya askari wake bila kujulikana. Askari wa kawaida wanamwambia, bila kujua ni nani, kwamba ikiwa vita hii si ya haki, basi mfalme atakuwa na deni kubwa la kujibu siku ya mwisho kwa ajili ya kila mkono na kila mguu uliokatwa. Maneno hayo yamo ndani ya filamu, yamesemwa polepole, katika giza la moto wa kambi, na mfalme anabaki peke yake akiyafikiri. Serikali iliyokuwa vitani iliruhusu watu wake wasikie swali hilo. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo heshima ya filamu hii.

Liko pia jambo ambalo hakuna mtu wa London wa mwaka 1944 alilifikiri, lakini sisi wa upande huu hatuna budi kulitaja. Novemba ileile filamu ilipofunguliwa, vijana wa Afrika Mashariki wa divisheni ya 11 walikuwa wakitembea katika matope ya bonde la Kabaw huko Burma, wakiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Wengine walikuwa baba na babu zetu, askari wa Keya. Shakespeare aliweka katika jeshi la mfalme Mwelshi, Mskoti na Mwairishi, ili kuonyesha kwamba vita ilipiganwa na watu wa makabila mengi. Jeshi la mwaka 1944 lilikuwa la makabila mengi zaidi ya hayo, nasi tulikuwamo. Huo nao ni ukurasa uliobaki jaladani muda mrefu.

Miaka ya baadaye

Baada ya filamu hiyo Olivier alipanda mpaka kileleni. Mwaka 1944 yeye na Richardson waliufufua Old Vic, na mchezo wake wa Richard III ukawa gumzo la London. Mwaka 1947 alipewa cheo cha Sir. Filamu yake ya Hamlet ya mwaka 1948 ilipata Oscar ya filamu bora, ya kwanza kwa filamu iliyotengenezwa nje ya Marekani, naye akapata ya mwigizaji bora. Lakini kupanda kuna mashuko yake. Mwaka huohuo wa 1948, akiwa Australia anaizungusha michezo ya Old Vic na kuichumia fedha, alipata habari kwamba wakuu wa ukumbi huo hawatamwongezea mkataba. Ndoa yake na Vivien Leigh, ambaye aliugua ugonjwa wa akili kwa miaka mingi, iliisha mwaka 1960. Mwaka 1961 alimwoa Joan Plowright, wakapata watoto watatu.

Mwaka 1963 Uingereza ilianzisha Ukumbi wa Taifa wa michezo, na Olivier akawa mkurugenzi wake wa kwanza mpaka mwaka 1973. Hapa alikuwa mtumishi wa umma hasa, akiajiri, akipanga bajeti, akigombana na kamati, na jioni akivaa mavazi na kwenda jukwaani. Mwaka 1964 alicheza Othello akiwa amejipaka rangi nyeusi mwili mzima. Wakati huo alisifiwa sana. Leo sisi Waafrika hatuwezi kuitazama filamu ya mchezo huo bila kuguna, na hata kwao wenyewe hakuna mwigizaji mkubwa anayethubutu kurudia jambo hilo.

Katika miaka hiyohiyo, mtu huyu aliyesimama mbele ya watu tangu utotoni alishikwa na hofu ya jukwaa. Aliogopa kusahau maneno, akawaomba wenzake wasimtazame machoni wanapocheza naye. Hakuacha kazi, aliendelea kuingia jukwaani pamoja na hofu yake mpaka ikapungua. Mwaka 1967 alipatwa na saratani, na mwaka 1974 ugonjwa mwingine wa misuli ulimnyang'anya nguvu za kusimama jukwaani. Mwaka 1970 alikuwa mwigizaji wa kwanza kuingia Baraza la Malodi. Jumba jipya la Ukumbi wa Taifa, kando ya mto Thames, lilipofunguliwa mwaka 1976, mkurugenzi alikuwa mtu mwingine, lakini ukumbi wake mkubwa kuliko yote ulipewa jina la Olivier. Mcheza kwao hutunzwa.

Mwaka 1983, akiwa mgonjwa na mnyonge, alicheza King Lear katika televisheni. Alifariki tarehe 11 Julai, 1989, akiwa na miaka 82. Majivu yake yamewekwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali wanapokumbukwa washairi. Ndani ya kanisa hilohilo amelala Henry wa Tano mwenyewe, aliyezikwa humo mwaka 1422.

Tunachojifunza

Ziko faida mbili ambazo nadhani zinatufaa. Ya kwanza ni kwa vijana walioko shuleni sasa, watakaolisoma gazeti hili maktabani. Olivier alitaka kuisaidia nchi yake kwa kazi asiyoiweza, nchi ikamrudisha kwenye kazi anayoiweza, na hapo ndipo alipofaa. Si kila anayeipenda nchi ni lazima awe rubani.

Ya pili ni kwetu sisi tuliomo kazini. Wakati wa shida tutaombwa kusema sehemu tu ya yale tunayoyajua, na mara nyingine hilo ni halali. Lakini tuhakikishe jalada limebaki kamili, na tusiliondoe lile swali la askari wa kawaida usiku kabla ya vita. Walimu wa fasihi wanaotusoma nawaomba jambo moja: wakipata nafasi ya kuwaonyesha wanafunzi filamu hii, wawape na kitabu cha tamthilia, kisha wawaagize waorodheshe kila kisichoonekana na waeleze kwa nini. Watajifunza Shakespeare, na watajifunza pia namna ya kusoma gazeti.